Viboko vya Siku ya Kutoka: Adhabu za Lazima na Swali la Kurekebika kwa Mhalifu katika Afrika Mashariki, 1963–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya adhabu za lazima kwa makosa ya kutumia nguvu katika Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na njia tofauti iliyofuatwa na Rwanda baada ya 1994. Hoja inayotetewa ni kwamba adhabu ya lazima hailijibu swali la iwapo mhalifu anaweza kurekebika. Hulinyima mahali pa kuulizwa. Ushahidi umetolewa katika sheria, katika hukumu za mahakama za juu, na katika msamiati wa adhabu, hususan maneno gereza, chuo cha mafunzo na wizi wa mabavu, pamoja na mnyambuliko wa kitenzi rekebisha.

Vya kuingia na vya kutoka

Mwaka 1963, chini ya miaka miwili baada ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu. Jedwali lake lilitaja, miongoni mwa makosa mengine, wizi wa mali ya umma, rushwa, uvunjaji wa nyumba, wizi wa mifugo na unyang'anyi. Aliyetiwa hatiani kwa mojawapo ya makosa hayo alifungwa si chini ya miaka miwili, na juu ya kifungo akachapwa viboko 24. Wanawake hawakuchapwa. Pale ambapo mali iliyoibwa haikuzidi thamani ya shilingi 100 na mshtakiwa alikuwa mkosaji wa mara ya kwanza, hakimu aliachiwa upenyo wa kupunguza adhabu iwapo angeona sababu maalumu. Nje ya upenyo huo hakuwa na la kuamua. Kazi yake ilikuwa kusikiliza ushahidi, kutamka hatia, kisha kusoma hesabu iliyokwisha kupigwa Bungeni.

Viboko hivyo havikutolewa kwa mkupuo. 12 vilichapwa mwanzoni mwa kifungo, na 12 vilivyosalia vilingoja siku ya kufunguliwa. Mwalimu Julius Nyerere, katika hotuba zake za 1995 alipokuwa akiikemea rushwa, aliwakumbusha wasikilizaji sheria hiyo, na akaeleza kwamba viboko vya mwisho vilikuwa vya mfungwa kwenda kumwonyesha mkewe. Maelezo hayo yameingia katika kumbukumbu ya taifa na hadi leo husimuliwa kwa kicheko.

Kicheko kisitufanye tupite haraka. Viboko vya kuingia vina mantiki yake, hata kwa asiyeikubali: vinampata mtu aliyetenda kosa juzi. Vya kutoka vinampata nani? Kati ya siku hizo mbili imepita miaka ya kulima, kupasua kuni na kuhesabiwa asubuhi na jioni. Ikiwa gereza limembadilisha mfungwa, basi anayechapwa mlangoni si yule aliyeiba. Ikiwa halikumbadilisha, basi sheria inakiri kwamba miaka miwili kwa gharama ya serikali haikufaa kitu, na inatumaini kwamba viboko 12 vitafaulu pale ambapo miaka miwili imeshindwa. Sheria haikuhitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea, kwa kuwa idadi ilikuwa ileile kwa kila mtu. Kwa maneno mengine, haikuwahi kutamka kwamba mhalifu hawezi kurekebika. Ilipanga mambo kwa namna ambayo hakuna ofisa yeyote, kuanzia hakimu hadi bwana jela, aliyekuwa na wajibu wa kuuliza.

Si haki kuwasoma waliopitisha sheria hiyo kana kwamba walikuwa watu wa kisasi tu. Dola ilikuwa changa na maskini; karani aliyekula fedha ya halmashauri alikuwa amekula dawa ya zahanati. Palikuwepo pia hoja ya usawa, ambayo watetezi wa haki za wafungwa huipuuza upesi mno: hiari ya hakimu huweza kuwa hiari ya kumhurumia mwenye jina na kumkomoa asiye na mtu. Adhabu moja kwa wote ilionekana kuwa dawa ya upendeleo huo. Hata hivyo, ugumu ulijitokeza katika chumba cha mahakama, na juzuu za muhtasari wa maamuzi ya Mahakama Kuu zilizoanza kutolewa 1967, wakati wa Jaji Mkuu Telford Georges, zinaonyesha majaji wakihangaika na maana ya hizo sababu maalumu. Lile lililofukuzwa mlangoni lilikuwa likirudi kwa dirishani.

Mwaka 1972 sheria ya kwanza ilifutwa na nyingine yenye jina lilelile ikashika mahali pake. Viboko viliondolewa; vifungo vya lazima vilibaki. Viboko vikarejeshwa 1989 kwa baadhi ya makosa. Vifungo navyo viliendelea kurefuka. Leo unyang'anyi wa kutumia silaha chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania una kifungo kisichopungua miaka 30, na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka kiwango cha chini cha miaka 30 hiyohiyo kwa ubakaji. Safari kutoka miaka miwili hadi 30 ilichukua takriban kizazi kimoja.

Gereza, jela, chuo

Mtafiti wa lugha akiingia katika mjadala huu hana budi kuanza na jina la nyumba yenyewe. Neno gereza linatokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Katika pwani yetu neno hilo lilihamia kwenye ngome, kama tunavyoona Kilwa Kisiwani, ambako ngome ya kale bado huitwa Gereza. Kutoka ngome likahamia kwenye nyumba ya kufungia watu, na sababu yake si ya kinadharia: ngome ndizo zilizokuwa na kuta nene. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilitumiwa kuwafungia wafungwa tangu 1895 hadi 1958, na ngome ya Lamu ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984. Kwa hiyo jengo lililobeba jina la mahali pa kutubia likawa mahali pa kuzuilia tu. Neno jela, tulilolichukua kwa Waingereza, lilikuja baadaye na halikuleta maana mpya.

Ikumbukwe kwamba kumfungia mtu ndani kwa miaka mingi kama adhabu si jambo lililokuwa na mizizi mirefu katika jamii zetu kabla ya ukoloni. Palikuwa na dia, fidia ya mifugo, kufukuzwa kijijini, na kuuawa. Adhabu hizo zilikuwa kali, na nyingine za kikatili, lakini zilimshughulikia mkosaji pamoja na ukoo wake na ukoo wa aliyekosewa. Gereza la kikoloni lilikata uhusiano huo. Liliwatoa watu kwao, likawafanyisha kazi za barabara na mashamba, kisha likawarudisha bila kumwuliza yeyote wa kwao kama wako tayari kuwapokea.

Zanzibar ilifanya jaribio la ujasiri kuliko majirani zake, angalau katika msamiati. Baada ya Mapinduzi, magereza yaliitwa Vyuo vya Mafunzo, na sheria ya 1980 ikaweka elimu ya wahalifu katika jina lake. Aliyefungwa akawa mwanafunzi. Hadi leo, Rais wa Zanzibar atoapo msamaha siku ya sherehe za Mapinduzi, taarifa husema amewasamehe wanafunzi kadhaa wa Chuo cha Mafunzo, na msomaji wa Bara asiyezoea hudhani ni habari za shule. Wapenzi wa soka nao hulijua neno Mafunzo kama jina la timu.

Rahisi kulikejeli jina hili na kusema ni kupaka rangi ukuta wa zamani. Mwandishi wa makala haya haoni hivyo. Jina halibadilishi chumba, lakini linaweka ahadi ambayo aliyeitoa anaweza kudaiwa. Mwanafunzi ana muda wa kuhitimu. Ana mtu anayepaswa kupima kama amejifunza. Na akihitimu, si mwanafunzi tena. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililomo katika neno mfungwa. Tatizo ni kwamba jina la chuo haliwezi kukaa pamoja na adhabu ya lazima isiyotazama matokeo. Chuo ambacho muda wake wa kuhitimu umepangwa kabla mwanafunzi hajaingia, na haubadiliki ajifunze asijifunze, kina mlinzi lakini hakina mtahini.

Mnyambuliko wa kitenzi nao unatupa jambo la kufikiria. Maofisa husema mfungwa anarekebishwa. Katika kauli hiyo ya kutendwa yeye ni kitu mikononi mwa mwingine, kama saa kwa fundi. Mahakama, inapotaka kupunguza adhabu, hutafuta dalili kwamba amejirekebisha, yaani kitendo kimerudi kwake mwenyewe. Majirani wanaomwogopa huuliza iwapo anarekebika, na kiambishi hicho cha -ik- kinabeba yote mawili, hali na uwezekano. Sera zetu huzungumza kwa kauli ya kwanza, mahakama kwa ya pili, na mtaa kwa ya tatu. Ndiyo maana mara nyingi wahusika hawaelewani hata wakitumia mzizi mmoja. Methali nazo haziamui ugomvi. Samaki mkunje angali mbichi husemwa na mkali, na mpole humjibu kwamba yaliyopita si ndwele.

Wizi wa mabavu

Kwa Kenya tunaweza kwenda kwa kifupi, kwa kuwa mfano wake uko wazi. Kosa ambalo Watanzania huliita unyang'anyi wa kutumia silaha, Wakenya huliita wizi wa mabavu, na tofauti ya majina inaficha tofauti ya sheria. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya wizi wa mabavu unakamilika kwa mojawapo ya mambo matatu: mwizi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake, au amjeruhi au ampige mwibiwa. Moja latosha. Vijana wawili wasio na hata fimbo wakimpora mtu simu wanaweza kuangukia katika kifungu hicho, na adhabu yake tangu mapema miaka ya 1970 ilikuwa kifo, bila hiari ya hakimu.

Kenya haikumnyonga mtu yeyote baada ya 1987. Hukumu za kifo, hata hivyo, ziliendelea kutolewa kila mwaka, hata Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki alipobadilisha adhabu hizo kuwa vifungo vya maisha, waliohusika walizidi 4,000. Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo Oktoba 2016 kwa wafungwa 2,747. Katika miaka hiyohiyo ambapo sheria ilikuwa kali kupita kiasi, wakazi wa Nairobi walikuwa wakilipotosha jina la mji wao kwa utani kwa sababu ya uporaji. Na mtaani, mtu aliyepigiwa ukelele wa mwizi hakungoja hakimu. Tairi na petroli vilimwahi. Wanasiasa husema adhabu kali huwatuliza wananchi wasijichukulie sheria mkononi. Kenya ilikuwa na adhabu kali kuliko zote kwa kosa hilohilo, na tairi ziliendelea kuwaka. Anayechoma mwizi hafanyi hivyo kwa kuona adhabu ya kisheria ni ndogo. Hana imani kwamba mwizi atakamatwa, atashtakiwa na kufikishwa kwenye adhabu yoyote ile.

Kutoka kondo hadi Luzira

Uganda inahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa ndiko ukali ulikofika mbali zaidi, na ndiko swali letu liliporudishwa mahakamani kwa uwazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Waganda waliwaita majambazi wenye silaha kondo. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Magari yalitekwa, watu waliuawa majumbani usiku. Serikali ya Milton Obote iliujibu ujambazi huo kwa kuufanya unyang'anyi wa silaha kuwa kosa la kifo cha lazima. Baada ya mapinduzi ya 1971, Idi Amin alikwenda hatua nyingine. Amri ya 1972 kuhusu washukiwa wa unyang'anyi iliwapa askari ruhusa ya kutumia nguvu yoyote dhidi ya mtu anayeshukiwa kuwa kondo. Kitengo cha Usalama wa Umma, kilichokuwa na makao Naguru, kiliundwa kwa ajili ya kupambana na ujambazi. Haukupita muda kikajulikana kwa mateso na kwa watu walioingia humo wasionekane tena, wengi wao wakiwa hawajawahi kuiba hata kuku. Neno kondo lilikuwa limetanuka. Mtu akishaitwa hivyo, hakuna aliyeuliza amefanya nini, sembuse kuuliza anaweza kuwa nani kesho.

Hapa lugha yetu ina sehemu yake, na si sehemu ya kujivunia. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, polisi na magereza nchini Uganda tangu enzi za ukoloni, na Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa 1973. Kwa raia wengi wa kusini mwa nchi, Kiswahili walichokisikia mara nyingi kilikuwa cha kizuizi cha barabarani: amri fupi, bila shikamoo na bila tafadhali. Tunapozungumza katika makongamano kuhusu upinzani dhidi ya Kiswahili nchini Uganda, tusiishie kwenye mitaala na walimu. Kuna watu ambao neno simama huwarudisha Naguru. Wengi kati ya hao walitendewa hivyo kwa jina la kuwakomesha wahalifu.

Sheria ya kifo cha lazima iliishi kuliko Amin. Miongoni mwa walioingia katika sehemu ya waliohukumiwa kifo katika gereza la Luzira, nje kidogo ya Kampala, alikuwa Edmary Mpagi, aliyehukumiwa 1982 kwa mauaji ya mtu ambaye baadaye ilibainika yu hai. Aliachiwa mwaka 2000. Kwake swali la kurekebika halikuwa na maana yoyote, na hilo ni jambo la kukumbuka kila tunaposikia kwamba watu wa namna fulani hawabadiliki: kwanza tuwe na hakika kwamba ndio.

Mwaka 2003 wafungwa wa Luzira, wanawake na wanaume, walifungua shauri la kikatiba. Walikuwa 418, na jina lililotangulia katika orodha lilikuwa la Susan Kigula. Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi Juni 2005, na Mahakama ya Juu ikauthibitisha tarehe 21 Januari 2009. Mahakama haikuifuta adhabu ya kifo wala kunyonga. Ilichofuta ni ulazima. Majaji walieleza kwamba kutoa adhabu ni sehemu ya kuendesha kesi, na kwamba mauaji hayafanani: mke aliyepigwa miaka kumi akaua usiku mmoja hayuko sawa na anayekodiwa kuua. Sheria inayomkataza hakimu asisikie tofauti hiyo inamnyima mshtakiwa nusu ya kesi yake. Walisema pia kwamba kumweka mtu zaidi ya miaka mitatu akisubiri kitanzi baada ya rufaa ya mwisho ni kucheleweshwa kupita kiasi, na adhabu ya namna hiyo igeuke kifungo cha maisha.

Lililofuata lina uzito kwa mada yetu kuliko hukumu yenyewe. Wale ambao rufaa zao hazikuwa zimekwisha walirudishwa Mahakama Kuu kwa jambo moja tu, kusikilizwa kuhusu adhabu. Kwa mara ya kwanza tangu kutiwa hatiani, mtu alisimama mbele ya jaji akaulizwa umri wake siku ya kosa, watoto wake wako kwa nani, amefanya nini gerezani. Wengine walipewa vifungo vya miaka, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kutumikia sehemu kubwa, wakatoka. Kigula mwenyewe alisikilizwa tena 2011 na kupewa miaka 20. Aliachiwa Januari 2016. Akiwa Luzira alisoma sheria kwa njia ya posta katika Chuo Kikuu cha London, akisaidiwa na shirika la African Prisons Project, na aliwasaidia wafungwa wenzake kuandaa rufaa.

Mfano wake hutajwa sana, na mara nyingi kwa wepesi. Kigula daima amekana kuua. Mahakama hupenda majuto. Miongozo ya Adhabu iliyotolewa Uganda 2013 inayataja miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa. Asiyekiri atajutia nini? Hapa ndipo mfumo wa kupima kurekebika unapoweza kumwumiza asiye na hatia zaidi ya mwenye hatia, kwa kuwa mwenye hatia anayejua sheria ataleta machozi. Mwandishi wa makala haya anaona ni salama zaidi kupima mambo yanayoonekana: umri, miaka iliyopita bila ugomvi, kazi aliyojifunza, mahali atakapokwenda kuishi, na kama wa kwao watampokea. Mambo hayo yanaandikika. Majuto hayaandikiki, husimuliwa tu.

Wakosoaji nao walikuwa na hoja, na mahakama iliisikia. Katika shauri la Tigo Stephen, Mei 2011, Mahakama ya Juu ya Uganda ilitamka kwamba kifungo cha maisha ni cha uhai wote wa mfungwa, si miaka 20 kama magereza yalivyokuwa yakihesabu. Kwa hiyo mlango mmoja ulifunguliwa 2009 na mwingine ukasukumwa 2011. Historia ya sera ya adhabu mara nyingi huenda hivyo, na anayetafuta mstari ulionyooka kutoka ukali hadi huruma hataupata Kampala.

Kunyoosha kilichopinda

Mtetezi wa adhabu kali atasema mifano iliyotangulia ni ya wezi na wauaji wa kawaida. Itakuwaje kwa waliofanya yasiyosemeka? Jirani yetu Rwanda hakuwa na anasa ya kuliacha swali hilo kwenye nadharia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza yake yalikuwa na watu zaidi ya 120,000 waliotuhumiwa kushiriki mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mahakama za kawaida zisingewamaliza katika uhai wa mtu mmoja.

Rwanda nayo ilianza kwa ukali. Tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 waliuawa hadharani kwa risasi. Lakini tayari sheria ya 1996 ilikuwa imewagawa watuhumiwa kwa madaraja na kuahidi nafuu kwa wanaokiri. Mahakama za gacaca, takriban 12,000 kote nchini, zilifanya kazi hadi Juni 2012 na kushughulikia mashauri yanayokaribia milioni mbili. Aliyekiri katika madaraja ya chini aliweza kutumikia sehemu ya kifungo chake nje, kwa kazi za jamii kama kujenga barabara na matuta. Adhabu ya kifo ilifutwa 2007. Waliopanga na kuongoza walibaki na vifungo vya maisha.

Wapo walionusurika ambao hadi leo huona kwamba maungamo mengi yalinunuliwa, kwamba mtu alitaja maiti mbili ili asiulizwe za tatu. Malalamiko hayo yana nguvu, na hayajibiwi kwa kusifu maridhiano. Anayebeba gharama ya kurekebika kwa mhalifu ni mjane anayekutana naye kisimani, na hakuna sheria iliyomwuliza kama yuko tayari. Ila tuangalie pia kilichokuwa upande wa pili wa mizani: kuwaweka ndani makumi ya maelfu ya wanaume mpaka wafe, na kuwalisha kwa jasho la walionusurika na watoto wao. Nchi iliyokuwa na sababu nzito kuliko sisi sote ya kusema hawa hawarekebiki ililazimika kuwagawa, kuwasikiliza mmoja mmoja, na kuwarudisha wengi kwenye vilima vyao.

Kwa mtafiti wa lugha kuna nyongeza. Kinyarwanda kilikuwa kimekopa neno gereza kutoka Kiswahili, pamoja na mzigo wake wote wa ngome. Sheria ya Septemba 2022 kuhusu huduma za marekebisho ililiweka kando, na nyumba hizo sasa huitwa igororero, kutokana na kitenzi kugorora, yaani kunyoosha kilichopinda. Aliyehukumiwa ni umugororwa, anayenyooshwa. Ni kauli ya kutendwa tena, kama yetu.

Waliofungiwa nje ya swali

Tanzania Bara ina chombo kilichobuniwa hasa kwa ajili ya kuuliza. Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 iliruhusu mfungwa aliyetumikia sehemu ya kifungo kirefu kutazamwa upya: mwenendo wake, kosa lake, hali ya huko atakakorudi. Ila sheria hiyo iliwaacha nje waliofungwa maisha na waliofungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Bodi ikapewa kazi ya kupima watu ambao hatari yao ilikuwa ndogo, na kukatazwa kuwapima wale ambao kipimo chao kina maana zaidi kwa usalama wa umma. Kijana aliyefungwa miaka 30 akiwa na miaka 22 atatoka akiwa mtu wa makamo, katika umri ambao watu wachache mno huteka magari, na kati ya siku hizo mbili hakuna ofisa atakayewajibika kuandika hata ukurasa mmoja kuhusu alivyobadilika au alivyokataa kubadilika. Akitoka akiwa bado hatari, sheria haina njia ya kujua hilo pia. Jambo hili halisemwi vya kutosha kwa washauri wa sera wanaopenda ukali: adhabu ya lazima humwachia huru aliyeiva kwa uovu siku ileile inayomwachia aliyetubu.

Kwa wauaji, sheria ya Tanzania bado inataja kifo peke yake. Jaji James Mwalusanya alijaribu kuiondoa adhabu hiyo katika shauri la Mbushuu, Dodoma, 1994, na Mahakama ya Rufani ikamtengua mwaka uliofuata. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitamka tarehe 28 Novemba 2019 katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima wa adhabu hiyo unakiuka haki ya kuishi, kwa kuwa unamwondolea hakimu uwezo wa kumtazama mtu aliye mbele yake. Hoja hiyo ni ileile ya Kampala.

Nairobi nayo iliifikia Desemba 2017 katika shauri la Francis Muruatetu, lililoufuta ulazima wa kifo kwa mauaji. Mahakama za chini zilianza kuwasikiliza upya wafungwa wa kila aina, wakiwemo wa wizi wa mabavu. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Tangu siku hiyo, mfungwa wa Kenya aliyemwua mtu anaweza kusimama mbele ya jaji na kueleza miaka yake ya gerezani ilivyokuwa. Aliyempora mtu simu akiwa na mwenzake alirudishwa chumbani mwake, angoje shauri jingine lifunguliwe kwa ajili ya kosa lake.